Sanduku la Kadi na Kiwanja cha Sori

Homa Bay
14 Januari 1968

Kwa shemeji yangu mpendwa, Mama Nyasuguta,

Pokea salamu zangu, umfikishie na kaka Maurice, na Nyasuguta umshike mashavu kwa niaba yangu. Mimi ni mzima. Nilifika Homa Bay salama baada ya sikukuu, ingawa kuku uliyenifungia hakufika. Niliketi karibu na Ondieki, yule mwalimu tunayesali naye hapa, akasema harufu ile inamfanya asahau alikokuwa anakwenda. Tulimmaliza kuku kabla ya Rongo. Joto la hapa ni lile lile. Chumba changu kinatazama gati, na meli ikija kuta zinatetemeka kidogo.

Sasa kuhusu kazi. Unakumbuka ziwa lilivyopanda mara baada ya Uhuru, likameza nyumba za watu wa Sori. Siku hizi maji yamerudi nyuma na kila mtu anaitaka ile ardhi. Serikali imekataza kujenga mpaka uchorwe mstari: juu yake jenga, chini yake usijenge. Hesabu ya kuupata mstari huo ni ndefu mno kwa kalamu, kwa hiyo itafanywa na mashine kubwa iliyoko Nairobi, ile niliyopelekwa kujifunza mwaka jana.

Wataalamu wa ng'ambo wamekwisha kutunga hesabu za namna hiyo kwa ajili ya maziwa ya kwao. Wamezitia kwenye kadi ngumu zenye matundu, zikapangwa vitita vitita ndani ya sanduku. Mkusanyo huo wenyewe wanauita maktaba, ingawa hauna kitabu hata kimoja. Faida yake ni kwamba mtu wa Homa Bay hana haja ya kutunga upya kilichokwisha kutungwa. Analeta vipimo vya ziwa lake, anaazima hesabu zao, na mashine inatoa jibu.

Sanduku hilo limeletwa mezani kwangu. Bwana Momanyi, mkuu wetu, alilipiga kofi ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Machuki, wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Likague, tia sahihi, liende Nairobi likawekwe kwenye mashine."

"Nikague nini, Bwana?"

"Kwani mimi ndiye niliyesoma?"

Shemeji, humu ofisini hakuna mwingine wa kumwuliza. Sahihi itakuwa yangu peke yangu. Kazi yenyewe siiogopi. Naogopa lile ambalo sijui kwamba silijui. Usimwambie kaka, atacheka.

Je, bado anakitamani kile kiwanja cha Sori mlichopewa na mjomba wako? Mwambie asubiri mstari.

Ni mimi shemeji yako,
Fanuel Machuki

*

Migori
6 Februari 1968

Fanuel, shemeji yangu mdogo,

Hatujambo sote. Barua yako ilikaa posta siku nyingi kwa sababu Maurice hupita mlangoni kila siku bila kuingia. Anasema barua ni mambo ya walimu. Nyasuguta ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi akisema jina lake mwenyewe. Mvua bado. Mto umekonda mpaka unaona mgongo wake.

Nimeisoma habari ya sanduku lako na nimecheka, usikasirike. Ulipoletwa kwangu, mama yenu akiwa amezikwa juzi tu, mimi bibi harusi nisiyejua hata neno moja la Kikisii, wewe usiyejua Kijaluo, tulisemezana kwa hiki hiki Kiswahili chetu cha shule. Nikakuwekea uji. Ukauonja kwa ncha ya kidole, ukaniangalia, ukaonja tena. Kila jioni ulifunua mkeka kutafuta nge. Nikamwambia Maurice, huyu ndugu yako atakuwa daktari au atakuwa mzigo. Sasa umekuwa karani. Basi kagua, nyathina, mwanangu. Ndiyo kazi uliyozaliwa nayo.

Lakini kagua upesi. Bado tuko katika kile chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Unga unatufuata mpaka kitandani. Mimi ni mtu wa Rusinga, nimelala karibu na maji tangu tumboni, na huu ni mwaka wa kumi nasikia mashine ya posho badala ya ziwa. Sori watu wa mashua hawana seremala wa kuaminika, na Maurice ana mikono. Akipata kibanda pale ufukweni hatakosa kazi hata siku moja.

Usijali, hatujafanya lolote. Maurice anaangalia mbao tu.

Mjomba wangu anauliza mstari utatoka lini. Nimemwambia shemeji yangu ndiye anaushika.

Wako,
Phelesia

*

Homa Bay
25 Februari 1968

Kwa shemeji yangu mpendwa, Mama Nyasuguta,

Salamu katika Bwana. Nimefurahi kwa habari ya jino. Mwambie Nyasuguta asilitupe juu ya paa, alihifadhi mpaka nije nilione. Mimi nilikuwa na homa ila imekwisha. Ondieki alinipikia uji mzito kiasi kwamba kijiko kilisimama chenyewe.

Tafadhali usimwambie mjomba kwamba mimi ndiye ninaushika mstari. Wala sisemi hivyo kwa unyenyekevu.

Nitakueleza shida yenyewe, maana nikikueleza wewe naielewa vizuri zaidi. Mashine haijui Kiingereza wala Kijaluo. Hesabu zile zimeandikwa kwa lugha maalumu ya kuiagiza, na ndani ya mashine kuna mfasiri anayezigeuza ziwe kile inachokielewa. Si mtu, naye pia ni maagizo yaliyotungwa na kuingizwa kwanza. Lakini mfikirie kama mkalimani wetu wa kanisani pale Migori. Mhubiri mgeni akitoa neno ambalo mkalimani hakulijua, mkalimani mwaminifu husimama na kuuliza. Asiye mwaminifu hukohoa na kuendelea, na ninyi mkarudi nyumbani mkidhani mmesikia mahubiri yote.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichouliza ni hiki: sanduku hili liliandikwa kwa mfasiri gani? Karatasi iliyokuja nalo inasema mfasiri mpya. Wa Nairobi ni wa zamani. Maneno mengine hatayajua.

Cha pili ni vitita vyenyewe. Havifanyi kazi kila kimoja peke yake. Kimoja huita kingine, "nifanyie hesabu hii, uniletee jibu," nacho huita kingine tena. Jumapili nilizitandaza kadi sakafuni, nikatembea katikati bila viatu kama mtu anayevuka shamba lililopandwa jana. Nilifuata kila mwito mpaka kwa mwenye kuitikia. Vyote vilijibu isipokuwa kimoja. Kuna kitita cha upepo, kinachohesabu jinsi upepo unavyoyasukuma maji hadi ufukweni na kuyarundika. Vitita vitatu vinakiita. Humu sandukuni hakimo.

Nimewaandikia wenye sanduku ng'ambo. Kwa sasa kuna kuchelewa kidogo hapa ofisini, ni mambo ya kawaida.

Nisalimie kaka, na aendelee kuziangalia mbao bila kuzigusa.

Ni mimi,
Fanuel

*

Migori
19 Machi 1968

Fanuel,

Salamu kutoka kwa wote. Mvua imeanza, na chumba kinavuja pale pale ulipokuwa unaweka vitabu vyako.

Nilisoma barua yako kwa sauti wakati Maurice anapiga randa. Alisimama akasema, "Mashine kubwa namna hiyo inakosa upepo? Si wafungue dirisha?" Akacheka peke yake mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, kisha nikaacha.

Shemeji, mimi sikusoma ulikosoma wewe. Habari ya mkalimani nimeielewa, na ya vitita pia. Lakini swali langu ni fupi. Kile kiwanja, pale penye mwamba unaofanana na ng'ombe aliyelala, kiko juu ya mstari au chini? Nijibu kwa neno moja. Huko Sori wengine wamekwisha kuanza, na hakuna aliyewauliza.

Na kama mtu angekuwa ameanza kidogo tu, ingekuwaje? Nauliza tu.

Nyasuguta ameanza shule. Anasema herufi M ni watu wawili walioshikana mikono.

Phelesia

*

Homa Bay
7 Aprili 1968

Kwa shemeji yangu mpendwa, Mama Nyasuguta,

Salamu kwako, kwa kaka na kwa mwanafunzi wetu mpya. Natumaini paa limezibwa. Hapa tuna mvua kila alasiri.

Barua yako imeninyima raha kwa ajili ya lile neno "nauliza tu". Nakujua. Kwa hiyo nami nitakuambia kile nilichokuficha. Mambo hayakuwa ya kawaida. Aliyechelewesha kazi ni mimi. Hakuna aliyenituma kuandika ng'ambo, na sanduku nililiweka chini ya meza yangu nikisema halijawa tayari, halijawa tayari, huku Bwana Momanyi akipigiwa simu na wakubwa wake kila wiki. Jumamosi moja, siku yetu ya Sabato, nikiwa kanisani, akachoka. Akalipandisha kwenye gari la Nairobi pamoja na vipimo vya ziwa letu.

Jumatatu iliyofuata nilipigiwa simu na Pamela, anayeendesha ile mashine. Tulisoma pamoja. Ni mwepesi wa akili kuliko sisi wote, na anajua hilo.

"Machuki, acha kulia. Sanduku lako limepita."

"Limepitaje? Mfasiri wenu hayajui yale maneno."

"Mistari aliyoigomea nimeitoa. Na kule vitita vinakouita upepo nimeweka sifuri. Limeteleza kama uji."

"Pamela, sifuri ni kusema hakuna upepo."

"Basi siku hiyo hakukuwa na upepo!"

"Ziwani?"

Alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mkuu wako alisema anataka jibu. Hakusema anataka jibu la nini."

Jibu likaja, karatasi safi, tarakimu zimenyooka. Shemeji, linapendeza. Kwa jibu hilo mstari uko chini kabisa, karibu na maji, na kiwanja chenu kiko juu salama. Nililiangalia siku nzima. Nilikuwaza wewe ukilala ukisikia maji. Kilichobaki ni sahihi yangu tu, watu wa Sori waambiwe wajenge.

Nilichukua kalamu, na mahali pa sahihi nikaandika kwamba jibu limepatikana bila kitita cha upepo, tena kwa mfasiri asiyelingana na sanduku, na lisitumike.

Bwana Momanyi alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Unajua ni watu wangapi wanaosubiri karatasi hii?"

"Najua, Bwana. Wengine ni ndugu zangu."

"Kwa hiyo mstari uko juu zaidi?"

"Sijui."

"Uko pale pale?"

"Sijui, Bwana."

"Serikali ilikupeleka Nairobi ukajifunze kusema hujui?"

Amenihamishia ghalani, ninapanga fito za kupimia maji. Bado nina kazi. Mpaka lini, sielewi.

Ulitaka neno moja, nami sina. Si ndiyo, si hapana. Nakuomba tu msijenge. Kama mmeanza kidogo, simamisheni hicho kidogo. Niandikie upesi, maana nikifikiri juu ya ukimya wako silali.

Ni mimi,
Fanuel

*

Sori
5 Mei 1968

Fanuel,

Naandika nikiwa kwa mjomba. Sisi ni wazima. Nyasuguta amekohoa kidogo kwa mvua lakini anakula.

Barua yako ilikwenda Migori, na sisi hatukuwepo Migori. Bathsheba, jirani yetu, aliiona imeandikwa jina langu kwa herufi zako ndogo za woga, akaiweka kifuani, akaja nayo Sori siku alipofuata samaki. Nisingekuwa na jirani kama yeye sijui ingekuwaje.

Nami nikuambie nililokuficha. Maurice hakuwa anaangalia mbao. Nilipokuandikia mara ya kwanza zilikuwa zimekwisha kufika Sori. Nilipokuandikia "nauliza tu", nguzo zilikuwa zimesimama. Bathsheba alitukuta Maurice yuko juu anapigilia bati la mwisho, mimi naandaa moto wa kuingiza ndani.

Wewe umekulia kwangu, kwa hiyo unayajua haya nusu nusu. Kwetu nyumba mpya hulaliwa siku ile ile inapomalizika. Haiachwi isimame bila mtu, ni kuita msiba. Ukishalala umefungwa nayo, huondoki kama mtu anayetoka hotelini. Na ukiing'oa kabla ya kulala, husimiki tena pale pale. Mahali hapo umepakataa, mwingine atapachukua. Maurice si Mjaluo, lakini tangu anioe hajawahi kukanyaga jambo la mama yangu.

Nilisoma barua nimesimama mlangoni. Nikaisoma tena.

"Anasemaje?" Maurice akauliza kutoka juu.

"Anasema hajui."

"Hiyo si habari. Huyo tangu utoto hajui."

"Anasema wamempa jibu zuri, nyumba iko juu ya mstari, akakataa kulitilia sahihi. Wamemtupa ghalani."

Aliacha kupiga nyundo. "Amekataa jibu linalotufaa sisi?"

"Ndiyo."

"Fanuel? Yule anayeogopa kuku?"

Akakaa juu ya paa, misumari mdomoni, akiangalia ziwa. Jua lilikuwa linashuka. Mjomba akaanza kufoka kwamba mstari wa karatasi hauzuii maji wala hauyaleti, tuingie tulale. Nami, Fanuel, nilitaka kuingia. Nikuambie kweli, niliitaka ile nyumba kama mtu anavyotaka maji. Ziwa lilikuwa karibu kiasi kwamba ningeosha sufuria bila kusimama.

Maurice akatema misumari mkononi. "Mama Nyasuguta, uzime huo moto." Akageuza nyundo, akaanza kung'oa bati alilotoka kulipigilia.

Tuling'oa mpaka giza likaingia. Nguzo zimelazwa hapa nyuma ya nyumba ya mjomba. Kiwanja mjomba amempa Bichage, mvuvi, yeye atasubiri mstari wako.

Nimekukasirikia. Sijui kama ni wewe ninayekukasirikia lakini ni wewe uliye na anwani. Nikipoa nitakuandikia tena. Usikae na njaa huko ghalani.

Phelesia

*

Homa Bay
14 Julai 1968

Kwa shemeji yangu mpendwa, Mama Nyasuguta,

Salamu nyingi sana, kwako, kwa kaka, kwa Nyasuguta, kwa mjomba, kwa Bathsheba pia, ambaye nitamshukuru kwa mdomo wangu. Kikohozi cha mtoto kimekwisha? Hapa baridi ya asubuhi imeanza. Ondieki amepata mchumba wa Rongo na sasa anapiga pasi hata soksi. Nilikwenda Takawiri kwa mashua kusoma vipimo, nikatapika njia nzima. Wavuvi wakaniuliza mimi ni Mkisii wa wapi, nikasema wa nchi kavu. Wakacheka mpaka nami nikacheka.

Naona nimejaza ukurasa na bado sijaanza.

Kitita cha upepo kilifika. Wenye sanduku walikuwa wamekisahau kwenye sanduku la ziwa lingine, wakaomba radhi. Nairobi nao wamepata mfasiri mpya. Bwana Momanyi aliniita kutoka ghalani bila maneno mengi, akasema, "Fuata mambo yako mwenyewe safari hii." Nikakagua tena tangu mwanzo. Kila kilichoitwa kiliitika. Mfasiri hakugomea neno. Pamela hakutoa mstari wowote, alinipigia akasema, "Umeuleta upepo wako, nao umepandisha maji yetu." Na kweli mstari umepanda juu kuliko ule wa jibu la kwanza. Bwana Momanyi akaniambia, "Sasa tia sahihi." Nikatia.

Shemeji, nilichukua ramani nikatafuta ule mwamba wa ng'ombe aliyelala. Nimepima mara nyingi, nikitaka nikosee. Mstari umepanda, umekaribia, lakini haukufika. Unapita chini ya kiwanja chenu. Kwa hatua chache tu, lakini kiwanja kiko juu. Mngelala ndani ya nyumba ile na kusingekuwa na kosa.

Ningeweza kunyamaza. Bichage angejenga, na ninyi mngedhani ni ujeuri wake. Lakini nilikataa jibu zuri kwa sababu halikuwa kweli, sasa nikikuficha hili baya nitakuwa nimefanya nini? Nisamehe. Bwana Momanyi simwogopi tena kama zamani. Naogopa barua yako. Nisamehe, shemeji. Mwombe na kaka anisamehe. Ulinilea, nami nimekunyima kitu kimoja ulichokitaka.

Ni mimi,
Fanuel

*

Sori
9 Agosti 1968

Fanuel, nyathina,

Sisi ni wazima, na ujue kwanza kwamba nilikwisha kupoa tangu mwezi wa sita. Nilichelewa kuandika kwa sababu ya kujenga. Ndiyo, kujenga. Mjomba ametupa mahali kule mlimani, karibu na shule, nguzo zile zile, bati zile zile, na tumelala ndani. Maji siyasikii. Asubuhi nayaona yote, hadi upande wa kwetu Rusinga. Sio kitu kile kile, lakini ni kitu.

Barua yako niliisoma kwanza peke yangu chooni, ili nikilia nilie vizuri. Sikulia. Kisha nikampelekea Maurice.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hatua chache?"

"Ndivyo anavyosema."

"Kwa hiyo tungekuwa salama."

"Tungekuwa."

Akachukua ubao akautazama kwa jicho moja, unajua anavyotazama. Akasema, "Lakini mwezi wa nne hakuwa anajua."

"Hakuwa anajua."

"Basi angesema 'jengeni' angekuwa amebahatisha. Na mimi ningemlaza mtoto kwenye bahati ya Fanuel." Akarudia kupiga randa. Baada ya muda akasema, "Mwandikie aache kujisumbua. Tena mwambie aandike herufi kubwa, macho yangu yanaumia." Ujue kwamba huyo mtu asiyejali barua huzichukua zako na kuzisoma kimya nikienda kuteka maji.

Mimi nami nina langu. Juzi upepo ulikuja kutoka ziwani mchana kutwa. Nilisimama mlimani nikayaona maji yanapanda, yanapanda, mpaka yakalamba miguu ya ule mwamba, kisha yakarudi. Bichage alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake mpya pale kiwanjani anapiga nyavu sindano, hata hakuinua kichwa, kwa sababu ameambiwa na karatasi iliyokaguliwa. Ningekuwa mimi pale mlangoni, nina lile jibu lako la sifuri mfukoni, ningekuwa nimembeba Nyasuguta mgongoni nakimbia. Kukaa mahali salama bila kujua kwamba ni salama si kukaa, Fanuel. Kwa hiyo usiniambie umeninyima.

Bichage mwenyewe alikuja na kambare mkubwa, ameona haya, anataka kuturudishia kiwanja. Nilimwambia hakirudi. Ila nikamwomba kivuli cha nyumba yake wakati wa mchana. Sasa Maurice ameweka meza yake ya useremala pale, na mashua zinavutwa hadi magotini kwake. Saa sita nashusha chakula, nakaa kidogo kwenye mawe, nasikia ninachotaka kusikia, napanda nyumbani kwangu.

Umeomba msamaha mara nyingi katika barua moja. Hakuna kosa. Ukiomba tena nitakasirika upya, na safari hii kwa jina lako kabisa. Mshike vizuri huyo Pamela. Mtu anayeweza kunyamaza akiulizwa swali zuri si mtu wa kupoteza.

Nyasuguta anaivuta karatasi. Amesikia barua zote nikimsomea baba yake, na anasema ana swali ambalo sisi wakubwa tumelisahau. Nimemwachia mstari huu wa mwisho aandike mwenyewe, sikumsaidia ila kushika karatasi.

Shemeji yako,
Phelesia

BABA MDOGO UPEPO ULIKUWA UMEPOTELEA KWENYE ZIWA GANI